Hofu ndiyo inayoharibu vipimo

Mhariri,

Naomba nafasi nijibu makala ya wiki iliyopita iliyodai kwamba wanasayansi wa tabianchi "walinaswa wakipika takwimu". Mwandishi alizitaja barua pepe zilizoibwa Uingereza mwaka 2009, akaishia hapo. Mimi ni mwalimu wa jiografia hapa Muheza, na dai hilo nalisikia darasani kila muhula, maana wanafunzi wanalikuta kwenye simu. Silipuuzi. Lina chembe ya ukweli ndani yake, na chembe hiyo ndiyo imenifanya nishike kalamu.

Novemba 2009, wiki chache kabla ya mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu tabianchi uliofanyika Copenhagen, watu ambao hadi leo hawajafikishwa mahakamani walidukua kompyuta za Chuo Kikuu cha East Anglia, wakachota barua pepe zaidi ya 1,000 na kuzimwaga mtandaoni. Katika mojawapo, ya mwaka 1999, Profesa Phil Jones, mwanasayansi wa tabianchi wa chuo hicho, alizungumzia "kuficha kushuka" katika mchoro wa joto aliokuwa akiuandaa. Watu wakaelewa kwamba joto la dunia lilikuwa likishuka, naye akalificha. Sivyo. Kilichoshuka ni vipimo vya pete za miti ya baadhi ya sehemu za kaskazini, vinavyotumika kukadiria joto la miaka ya zamani, ambavyo baada ya 1960 viliacha kufuatana na vipimajoto. Vipimajoto vyenyewe vilionyesha joto likipanda.

Hata hivyo mchoro ule ulipaswa kulieleza jambo hilo, na haukulieleza. Tume ya Sir Muir Russell, iliyochunguza barua pepe hizo, ilisema hivyo Julai 2010. Haikuona sababu ya kutilia shaka uaminifu wa wanasayansi wale, ila iliwakosoa kwa kutokuwa wawazi. Mwaka 2005 Jones alimjibu mtu aliyeomba takwimu: kwa nini nikupe, wakati nia yako ni kutafuta kasoro? Baadaye akawaomba wenzake wafute barua pepe ambazo kuna watu walikuwa wakizidai kisheria. Hapo alikosea, nami simtetei.

Namwelewa, lakini, na sababu yake naijua kwa jambo lililonitokea.

Katika shule niliyoanzia kazi tulikuwa na kipima mvua uani. Wanafunzi walipokezana kukisoma kila siku saa tatu asubuhi na kuandika milimita kwenye daftari. Nilitangaza kwamba atakayeacha siku yake atachapwa. Jumatatu moja ya masika nikakuta Jumapili imeandikwa sifuri, kwa mwandiko mzuri kabisa, na chupa ya kipimo ina maji karibu theluthi. Nilimwita kijana aliyekuwa zamu. Hakuja shuleni Jumapili, mama yake alikuwa mgonjwa. Aliogopa fimbo, akaandika namba. Laiti angeacha nafasi wazi, daftari lingebaki la kweli. Aliyeliharibu ni mimi. Tangu siku hiyo sijamtisha mwanafunzi kwa ajili ya kipimo.

Sasa fikiria watu wazima wanaotishwa kwa mambo mazito kuliko fimbo. Jones alitumiwa vitisho vya kuuawa, na alikiri mwenyewe kwamba alifikiria kujiua. Marekani, Agosti 2010, Michael Mann, mwanasayansi wa tabianchi wa Chuo Kikuu cha Penn State, alifungua bahasha ofisini kwake, ikatoka poda nyeupe. Wapelelezi wa FBI walipoipima wakakuta haina sumu. Mwaka huohuo mwanasheria mkuu wa jimbo la Virginia alikitaka chuo alichofundisha Mann zamani kikabidhi nyaraka na barua zake, na chuo kikasumbuka mahakamani hadi Machi 2012 kiliposhinda. Mtu akiwindwa hivyo, hata anayemuuliza kwa nia njema atamwona adui. Na wapo wanaoteleza zaidi ya hapo: Februari 2012 Peter Gleick, mtaalamu wa maji wa California, alikiri kwamba alijifanya mtu mwingine ili apate nyaraka za taasisi inayowapinga wanasayansi hawa. Aliomba radhi. Kujitetea kwa uongo mbele ya waongo kuliwaumiza wenzake wote.

Je, vipimo vyenyewe? Richard Muller, mwanafizikia wa Berkeley, hakuziamini hesabu za wanasayansi hawa kuhusu joto la dunia. Akakusanya timu, akazipiga upya tangu mwanzo, kwa fedha ambazo sehemu yake ilitoka mfuko wa familia ya Koch, matajiri wa mafuta. Mwaka 2011 akatangaza kwamba ongezeko la joto ni la kweli, na mwaka uliofuata akasema chanzo chake karibu chote ni binadamu. Mwandishi wako hakumgusa kabisa.

Mhariri, wakulima wa huku wanapanda kwa kusikiliza utabiri. Mwaka ambao vuli inachelewa, wanakuja kuniuliza mimi, kana kwamba najua. Nawaelekeza kwa wataalamu, na ninataka wataalamu hao waweze kusema "tulikosea hapa" bila kuhofia kazi zao wala watoto wao. Naomba gazeti lichapishe matokeo ya tume ile ya 2010 kwa urefu uleule liliochapisha tuhuma, pamoja na sehemu inayowalaumu wanasayansi. Nitaibandika ukutani darasani.

Mwalimu wa jiografia,
Muheza, Tanga