Barua ya wazi kwa vijana wetu wa ughaibuni: habari za rubani Eugene Bullard

Wanangu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Nawaandikia nyinyi mnaolinda milango usiku, mnaoogesha wazee na kupakia mizigo maghalani huko Minneapolis, London na Toronto, hali vyeti vyenu vimelala sandukuni. Mama zenu wakiwauliza mnafanya kazi gani, mnasema "ofisini". Naomba mnisikilize habari za mtu mmoja.

Eugene Bullard alizaliwa 1895 Columbus, Georgia, enzi ambazo genge la Wazungu liliweza kumnyonga mtu mweusi na asitokee wa kuuliza. Babaye mwenyewe aliponea chupuchupu. Eugene alitoroka kwao akiwa mtoto, na 1912 akajificha melini mpaka Scotland. Alijipatia riziki kwa ndondi, akafika Paris. Vita vilipozuka 1914, akajiunga na Jeshi la Kigeni la Ufaransa. Huko Verdun, 1916, akajeruhiwa vibaya paja, na mguu ukawa hauwezi tena kazi ya askari wa miguu.

Akiwa bado anajiuguza, kama alivyosimulia mwenyewe, rafiki yake alimbishia kwamba mtu mweusi hawezi kuwa rubani. Wakawekeana dau la dola 2,000. Mei 1917 Bullard akapata leseni, na dau akalichukua. Miezi michache baadaye alikuwa vitani, kima wake Jimmy akiwa naye ndani ya ndege. Alisema aliangusha ndege mbili za Wajerumani. Hazikuthibitishwa, nami sizihesabu. Kwangu inatosha kwamba alipanda, siku baada ya siku, chombo cha mbao na kitambaa, bila parachuti, akijua wanaomngoja juu wana bunduki za rashasha.

Marekani ilipoingia vitani mwaka huohuo, ikawachukua Wamarekani waliokuwa marubani wa Ufaransa. Bullard alipimwa afya, akafaulu. Hakuitwa. Walioitwa ni weupe. Baadaye alizozana na afisa mmoja, na Wafaransa nao wakamrudisha kikosi cha miguu. Hilo linaniuma hadi leo, maana ndio waliokuwa wamempa mbawa.

Mwaka 1940 Wajerumani walipoivamia Ufaransa, alishika silaha tena akiwa na miaka 44, akajeruhiwa, akatorokea Hispania hadi New York. Humo, mtu huyu mwenye nishani za vita alifanya kazi mbalimbali, mwishowe akawa mwendesha lifti katika jumba la Rockefeller Center. Watu walipanda na kushuka naye bila kujua ni nani. Nishani zake alizitundika ukutani kwenye chumba chake Harlem.

Mwaka 1959 Ufaransa ilimtunuku nishani yake kuu, Légion d'honneur. Desemba ya mwaka huo, televisheni ya NBC, yenye studio ndani ya jumba lilelile, ikamwita kumhoji. Bullard alikwenda na sare yake ya lifti. Hapo nawaomba mtulie kidogo, wanangu. Angeweza kuvaa suti, na hakuna ambaye angemlaumu. Alikaa mbele ya Marekani nzima na sare ya kazi inayomlisha, akaeleza alivyopigana angani.

Alifariki 1961. Jeshi la anga la Marekani lilimpa cheo cha luteni usu 1994, miaka 33 akiwa kaburini. Lakini yeye hakukaa kuwangoja: siku zake za mwisho alizitumia kuandika maisha yake mwenyewe.

Basi, Jumapili hii pigeni simu nyumbani, mwambieni mama kazi mnayofanya, zamu inaanza saa ngapi na mgongo unauma wapi. Halafu toeni vile vyeti sandukuni, mkaulize chuo kilicho karibu nanyi vinatambulikaje na mtihani gani umebaki. Mkikwama ada, semeni mapema. Huku tumezoea kuchangia harusi. Masomo yenu tutayachangia pia.

Mzee wenu,
Tanga