Mtoto wa niliyembatiza Ghana yuko Nairobi: nimwone, au nimkwepe?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamume wa miaka 39, nina mke na watoto, naishi Nairobi na kazi yangu ni kuuza bima. Nina jambo linaloninyima usingizi, na mke wangu amechoka kulisikia.

Ujanani nilikuwa mmisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, hao wengi wanaowaita Wamormoni. Bila shaka umewaona mitaani: vijana wawili wawili, shati jeupe, tai, beji nyeusi kifuani. Mwaka 2006 nilitumwa Ghana, Misheni ya Cape Coast, kwa miaka miwili. Ni kazi ya kujitolea, hakuna mshahara. Unaamka saa kumi na mbili na nusu, unalala saa nne na nusu usiku, na katikati hapo hutengani na mwenzako ila bafuni. Mwenzangu wa kwanza alikuwa kijana wa Utah, Marekani, ambaye hakuwa amewahi kufua shati kwa mkono. Nilimfundisha kufua, naye akanifundisha kubisha hodi kwa mtu nisiyemjua bila miguu kutetemeka. Bima ninazouza leo, mtaji wake ulitoka hapo. Mchana tulikula kenkey, yaani donge la unga wa mahindi uliochachushwa, na samaki wa kukaanga, na ile pilipili yao nyeusi iitwayo shito. Nyumbani tulipiga simu Krismasi na Siku ya Akina Mama tu. Kwa hiyo usidhani nalalamika. Ile miaka niliipenda na bado naipenda.

Huko kuna mtu, nimwite Kwesi ingawa si jina lake. Seremala, mrefu kama mnazi. Ubatizo wetu ni wa kuzamishwa mwili mzima, na mashahidi wawili husimama kando wakiangalia. Kikibaki nje hata kidole, mnarudia. Mara ya kwanza goti la Kwesi lilibaki juu. Mara ya pili, vidole vya mguu. Ya tatu nikamwambia akunje magoti kana kwamba anakaa kitini, akazama wote, akaibuka akicheka, mkewe naye hoi kwa kicheko, huku katoto kao ka kiume kakilia kwa kudhani baba anauawa.

Sasa shida ilipoanzia. Cape Coast niliwakuta wazee waliomfuata Joseph William Billy Johnson, Mghana aliyeanza kuhubiri Kitabu cha Mormoni (maandiko yetu matakatifu pamoja na Biblia) mwaka 1964 bila yeye mwenyewe kubatizwa. Kanisa halikuwa na wamisionari kule, na hadi Juni 1978 halikuwapa ukuhani, ambao kwetu hupewa wanaume waumini wa kawaida, wanaume wenye asili ya Afrika. Wakangoja miaka 14. Niliwauliza kwa nini hawakukata tamaa, mmoja akanijibu kwamba Mungu hana haraka. Siku ile jibu lilinitosha. Nilipokuwa nimerudi nyumbani likaanza kunikereketa. Mwaka 2013 kanisa lenyewe lilichapisha makala ya kukana nadharia za zamani zilizotumiwa kulitetea katazo lile. Niliisoma usiku nikitarajia kutulia, nikabaki najiuliza: basi wale wazee walikuwa wakingojeshwa kwa sababu gani? Sikugombana na mtu yeyote. Nilikosa Jumapili moja, nikakosa ya pili, na baadaye nikajikuta nakunywa chai ya maziwa asubuhi kama Mkenya mwingine yeyote. (Neno la Hekima, sheria yetu ya afya, linatukataza chai na kahawa. Hebu fikiria, Shangazi, Mluhya bila chai!)

Kwesi hajui lolote. Yeye sasa ni askofu wa kata yake (kwetu kata ni usharika mmoja, na askofu ni muumini wa kawaida anayeuongoza bila mshahara), na kila Krismasi hunitumia salamu akiniita mmisionari wake. Mwezi uliopita ameniandikia kwamba yule mtoto ameitwa kutumikia Kenya, na yuko hapa hapa Nairobi. "Nenda ukamwone," ananiambia, "umpe ushuhuda ule ule uliotupa sisi."

Mke wangu, ambaye ni Mkatoliki, anasema nimwalike kijana na mwenzake, niwapikie, nifunge mdomo, waende zao. Mama yangu bado ni muumini wa dhati, alilia hekalu la Nairobi lilipowekwa wakfu Mei 2025. Yeye anasema kijana ametumwa na Mungu kunirudisha. Na hapo ndipo ninapoogopa, kwa kuwa wamisionari huwatembelea pia washiriki walioacha kuhudhuria, na jina langu bado limo katika kata yetu. Akipangiwa upande huu, huenda akanibishia hodi kabla sijaamua lolote.

Kumwambia ukweli nako si rahisi. Najua miezi ya kwanza ya misheni ilivyo, unalia umejifunika shuka ili mwenzako asisikie. Kijana wa namna hiyo nimwambie kwamba aliyembatiza baba yake ameacha? Tena siku hizi, tangu 2019, wanaruhusiwa kuongea na wazazi kila wiki. Nitakachomwambia Jumapili, Jumatatu kitakuwa Cape Coast. Lakini ushuhuda wetu huanza na neno "najua", na mimi siwezi tena kulitamka nikimtazama mtu machoni. Ninachoweza kusema ni kwamba baba yake ni mtu mwema na kwamba kenkey ya mama yake haina mfano. Sidhani ndicho Kwesi anachokitaka.

Shangazi, nimpigie Kwesi kwanza nimweleze yote, mtu mzima kwa mtu mzima, kisha ndipo nimwone mwanawe? Au nimlishe kijana, ninyamaze, na baba yake aendelee kuamini anavyoamini? Na je, nikimweleza, nitakuwa nimemtendea haki, au nitakuwa nimetua mzigo wangu mabegani mwake?

Naomba unijibu mapema. Wamisionari huhamishwa kila baada ya wiki sita hivi, na juzi Kwesi ameniuliza tena kama nimeshamwona. Nimemwambia kazi zimenibana.

Muuza bima, Nairobi