Makasha ya bi harusi yasikwanguliwe

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaouza na wanaonunua makasha ya zamani ya njumu, yaani yaliyopambwa kwa vichwa vya misumari ya madini, yale yaliyowekwa chumbani kwa bi harusi na ufunguo akaushika mwenyewe. Siku hizi kila tangazo ni "limekarabatiwa, kama jipya". Kwa kasha, hiyo si sifa.

Mengi yaliletwa kwa majahazi kutoka Surat, Bombay na Ghuba ya Uajemi. Mbao mara nyingi ni msaji (mtiki), njumu ni shaba ya njano. Fundi asiyejua huyapiga msasa na vanishi, kisha husugua njumu kwa dawa ya maji ya kung'arishia shaba. Msasa hula kingo za nakshi. Dawa hupenya chini ya vichwa vya njumu na kukauka ikawa unga mweupe mgumu kutoka, na ile yenye amonia huweza hata kuipasua shaba. Kitambaa laini kikavu na nta ya nyuki kidogo vinatosha.

Watoto wa kasha, yaani droo, wale watatu wa chini, hukwama masika kwa sababu mbao imevimba. Ukiwapiga randa Aprili, Januari watacheza ovyo. Subiri msimu wa kaskazi, mbao ikishakauka, paka mshumaa panaposuguana.

Pa kuangalia zaidi ni kisanduku cha ndani, kile cha ubavuni cha kuwekea dhahabu. Makasha mengi yana siri hapo: ubao wa mbele wa kisanduku huvutwa juu, na nyuma yake mna vitoto vidogo vya kufichia pete na hati. Ubao huo lazima ulegee ndipo uweze kuvutwa juu. Fundi mwenye haraka huona umeharibika, akaukongomea msumari. Kabla hujalipa, fungua kifuniko ujaribu kuupandisha taratibu kwa vidole.

Nenda na sumaku pia. Njumu ikinasa, si shaba, ni chuma kilichopakwa. Skrubu zenye msalaba kichwani zilianza kuenea miaka ya 1930. Ukizikuta kwenye bawaba za "kasha la karne ya 19", ama limewahi kutengenezwa ama unauziwa maneno.

Kwa anayelitumia: nguo zilizofukizwa udi zipoe kabisa kabla ya kukunjwa. Vikuba (vishada vya maua ya kunukia) na asumini mbichi visifungiwe ndani, ingawa ndivyo wengi wanavyopenda, maana unyevu wake hutia madoa kwenye kanga na kutu ya kijani kwenye bawaba. Ukiona unga mwembamba wa bungua, mdudu anayetoboa mbao, piga dawa ya mbao kwa sindano, tundu kwa tundu, uzibe kwa nta. Oili chafu ya gari usiikaribishe. Harufu yake itahamia kwenye nguo.

Na likihamishwa, watoto watolewe, vitu vipunguzwe, libebwe kwa chini. Vishikio vya ubavuni havibebi kasha lililojaa: hung'oka na kipande cha mbao.

Fundi makasha,
Unguja