Barua ya wazi kwa vijana wa kanisa letu: Kabla hamjaambiana nani ni mteule

Wanangu wapendwa,

Bwana asifiwe.

Nimesikia yaliyotokea kwenye funzo la Biblia la Ijumaa. Mlifika Waefeso sura ya kwanza, mkakuta maneno "alitangulia kutuchagua", na tangu hapo mko kambi mbili. Kambi moja inasema kama Mungu alishachagua kabla ya kuweka misingi ya ulimwengu, basi kwenda kuhubiri sokoni ni kujichosha bure. Nyingine inajibu kwamba Mungu wa namna hiyo hana haki. Na mwenzenu mmoja, aliyeokoka juzijuzi, haonekani tena, kwa kuwa aliambiwa mbele ya watu kwamba pengine yeye si mteule, yaani si miongoni mwa waliochaguliwa na Mungu waokolewe. Mabishano ningeyaacha yapite. Hilo la kijana huyo ndilo limenifanya nishike kalamu.

Basi nianze naye. Hakuna hata mmoja wenu aliyeonyeshwa majina ya wateule, nami sikuonyeshwa. Paulo hakuwaandikia Waefeso kwamba baadhi yao wamechaguliwa, wakatafutane. Aliliandikia kanisa zima la mji uliokuwa na hekalu la Artemi, akasema Mungu "alituchagua katika yeye", yaani katika Kristo. John Calvin, mwalimu wa Matengenezo ya Kanisa ambaye kambi moja inamtaja kila Ijumaa, alifundisha kwamba Kristo ndiye kioo ambamo tunautazama uteule wetu, na kwamba mtu akijichungulia mwenyewe hataupata uhakika. Mtu akikuuliza kwa machozi kama amechaguliwa, mpeleke kwenye Yohana 6:37: "ye yote ajaye kwangu sitamtupa nje kamwe." Bwana amekataa kumtupa anayemjia. Ninyi mlipata wapi ruhusa?

Kanisa letu la Anglikana lilishaonya juu ya jambo hili katika Kifungu cha 17 cha zile Kanuni 39 za imani yetu. Kinasema fundisho la kuteuliwa limejaa faraja tamu kwa wanaomcha Mungu, tena ni hatari kwa wadadisi wasio na Roho wa Kristo. Fundisho ni lile lile moja. Mmoja linamtuliza, mwingine linamwangusha, kutegemea analishika kwa ajili gani.

Sasa nisikilizeni kwa makini, maana mmekimbilia kubishana juu ya kuchagua mkaruka kile tulichochaguliwa tuwe. Mstari wa 5 unasema wazi: "ili tufanywe wanawe kwa njia ya Yesu Kristo." Watu waliosoma nyaraka za Paulo walijua kufanywa mwana ni nini, kwa sababu milki ya Roma ilirithiwa kwa njia hiyo. Julius Caesar alipouawa mwaka 44 kabla ya Kristo, wosia wake ulifunguliwa, ikaonekana amemfanya mwanawe kijana wa miaka 18, mjukuu wa dada yake. Kijana huyo ndiye Kaisari Augusto mnayemsoma kila Krismasi katika Luka 2. Augusto naye alimfanya Tiberio kuwa mwanawe, mtu mzima wa miaka 44. Aliyefanywa mwana alitoka chini ya mamlaka ya baba wa kwanza, akachukua jina la nyumba mpya na kuwa mrithi kamili. Wala mtoto hakujichagua. Neno lilitoka kwa baba.

Na Paulo alipowaandikia Warumi, karibu mwaka 57, aliyekuwa kwenye kiti ni Kaisari Nero, naye alifanywa mwana na Kaisari Klaudio mwaka 50. Klaudio alikuwa na mwana wa kumzaa, Britannicus. Yule wa kuletwa akatangulizwa mbele ya yule wa kuzaliwa, na mwaka 55 Britannicus akafa mezani. Wengi Roma waliamini Nero amemtilia sumu. Hivyo ndivyo nyumba ya Kaisari ilivyopata mrithi. Sasa someni tena Warumi 8:29, kwamba Mwana ni "mzaliwa wa kwanza miongoni mwa ndugu wengi." Katika nyumba ya Mungu, Mwana wa pekee ndiye aliyetoa damu yake ili sisi wa kuletwa tuingie, na baada ya kufufuka haoni haya kutuita ndugu zake. Nikilifikiria hili, hoja zenu za Ijumaa huwa ndogo sana machoni pangu.

Mabinti, hili ni lenu pia. Nyumba nyingi huku kwetu bado zinagawa mashamba kwa wavulana na kuwaambia ninyi mtaolewa. Paulo anawaambia Wagalatia kwamba wote ni wana wa Mungu kwa imani, hapana mtu mume wala mtu mke, na ukiwa mwana, basi u mrithi. Asije mtu akawapunguzia urithi huo kwa kutumia Biblia.

Sisi wa Mombasa hatuna haja ya kwenda Roma kuelewa. Kijiji cha Freretown, hapa hapa kwetu, kilianzishwa mwaka 1875 na wamisionari wa CMS, shirika la umisionari la Waanglikana, kwa ajili ya watu waliokombolewa kwenye majahazi ya watumwa. Walikuwamo Wayao, Wamakua na wengine wa bara, wengi wao watoto walionyang'anywa ukoo wakiwa wadogo mno kuukumbuka. Wamisionari wenyewe hawakuwa wapole siku zote, hilo tuliseme. Lakini watu wale walikaa wakasomewa kwamba "hamkupokea tena roho ya utumwa iletayo hofu, bali mlipokea roho ya kufanywa wana", nao walijua utumwa kwa miili yao. Kengele yao bado iko pale barabarani Kongowea. Mnaipita kwa matatu kila siku.

Mnaouliza kwa nini tuhubiri: someni Matendo 18. Paulo ana hofu Korintho, Bwana anamwambia usiku asinyamaze, "kwa maana mimi nina watu wengi katika mji huu." Akakaa mwaka mmoja na miezi sita akifundisha. Kule kujua kwamba Mungu ana watu wake ndiko kulikomfungua kinywa. Na mnaosema Mungu hana haki, hoja yenu ni nzito, Paulo mwenyewe anaitaja katika Warumi 9. Mimi naamini Mungu ndiye aliyeanza, tena naamini anamwita kila mtu kwa kweli, na sitawadanganya kwamba naweza kuwaonyesha yote mawili yanakutana wapi. Ila angalieni sura hiyo inavyoanza: kwa huzuni nyingi na maumivu yasiyokoma kwa ajili ya ndugu zake walio nje. Asiye na maumivu hayo asiwafundishe wengine sura ya 9.

John Wesley na George Whitefield, wahubiri wawili wa Uingereza, walitofautiana vikali juu ya jambo hili hili miaka ya 1740. Whitefield alipofariki mwaka 1770, Wesley ndiye aliyehubiri London kumkumbuka. Mnaweza kutofautiana na mkabaki ndugu.

Kabla ya Ijumaa ijayo, wawili kati yenu, mmoja kila kambi, mwende kwa mwenzenu mkamwombe msamaha. Msiende na Biblia ya kumfundisha. Mimi nitakuja kwenye funzo, tutaanza Warumi 8 tangu mstari wa kwanza, na yeye ndiye ningependa atusomee.

Wenu katika Kristo,
Mzee wenu wa kanisa, Kisauni