Barua ya wazi kwa waajiri wa Mombasa: mlinzi mmoja hakeshi wiki nzima

Wenye kampuni za uwakala wa forodha, mameneja wa hoteli na viongozi wa sacco, salamu.

Kilio chenu ni kimoja: kijana wa usalama wa mtandao hamalizi mwaka. Kaenda Nairobi, au yuko chumbani kwake Kisauni analipwa dola na kampuni ya ng'ambo. Mshahara una sehemu yake, sikatai. Lakini wengi wenu mlikuwa mmeshamchosha kabla dola hazijamwita.

Tupige hesabu. Mtandao hulindwa usiku na mchana, na wiki ina saa 168. Mtu wa saa 40 kwa wiki hazimalizi hizo. Mnahitaji wanne na zaidi. Ongezeni siku 21 za likizo alizopewa na Sheria ya Ajira ya 2007, ugonjwa, uzazi na masomo, na kiti kimoja kinataka watu watano au sita. Nyinyi mna mmoja, na huyo huyo ndiye fundi wa printa na kamera. Simu humwamsha saa nane za usiku, saa mbili asubuhi mnamtaka ofisini. Mtu aliyechoka, baada ya kengele mia za uongo, huipuuza ile ya kweli.

Msipoweza watano, lipieni kampuni ya nje ikeshe usiku na wikendi, nanyi muajiri wawili wa mchana. Wawili, maana mmoja akiugua, nani anajua nywila za fayawoli, ule ukuta unaochuja kinachoingia na kutoka kwenye mtandao wenu? Mkataba utaje nani apigiwe simu, ndani ya dakika ngapi, na nani ana ruhusa ya kuzima seva bila kumsubiri mkurugenzi. Bila hayo wakeshaji huona hatari, wakatuma barua pepe, nayo ikalala hadi Jumatatu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawapa saa 72 tangu mjue kuwa data za watu zimevuja na kuna hatari ya kuwadhuru, muwe mmempasha Kamishna wa Data. Mkijua Ijumaa jioni, Jumatatu jioni zimekwisha.

Sasa matangazo yenu ya kazi. Mnadai CISSP, cheti cha kimataifa cha usalama wa mtandao, kwa mtu mwenye uzoefu wa mwaka mmoja. Cheti hicho kinataka uzoefu wa miaka mitano. Digrii inaweza kupunguza mmoja tu. Basi mnamwita nani, kama si mwongo?

Mpimeni kwa kazi. Mpeni karatasi ya kumbukumbu za mfumo na dakika 45: mhasibu kaingia saa tatu akiwa Mombasa, na dakika ishirini baadaye akaunti yake ikafunguliwa nchi nyingine, kisha barua zake zenye neno "ankara" zikaanza kupelekwa anwani ngeni. Mwulizeni afanye nini kwanza. Akijibu "nabadilisha nywila" tu, bado. Aliyeingia anaweza kubaki ndani hadi kila kifaa ambacho akaunti bado iko wazi kikatwe, na ile amri ya kupeleka barua hubaki pale pale hadi ifutwe kwa mkono. Atakayetaka kujua kama mhasibu anatumia VPN, njia inayoweza kumfanya aonekane yuko nchi nyingine, na kama kuna mteja aliyetumiwa akaunti mpya ya benki, huyo msimwache atoke.

Kumbakisha: andikeni mapema mshahara utakavyopanda akifikisha miezi 12. Mpeni nusu siku ya kusoma kila wiki, ndani ya saa za kazi. Lipieni mtihani, lakini msimfunge miaka mitatu kwa ada ya mtihani mmoja. Atakaa akiwa amenuna, na aliyenuna halindi. Na akiizuia flashi ya mkurugenzi isitumike kwenye kompyuta za ofisi, mkurugenzi asiifungue kwa amri. Hilo ndilo linalowaondoa wazuri.

Akiondoka, siku hiyo hiyo fungeni akaunti zake za msimamizi, badilisheni nywila zote alizoshiriki na wenzake, na muangalie namba za kuthibitisha huingia kwenye simu ya nani. Stahili zake mlipeni kwa wakati. Wanaohitimu chuoni Tudor huulizana kabla ya kuomba kazi.

Mzee wenu,
Mji wa Kale, Mombasa