Mikopo ya halmashauri isitangulie huduma nyingine

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nitoe maoni yangu kuhusu mikopo isiyo na riba ambayo halmashauri zetu hutoa kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kila fedha hizi zinapotangazwa, mjadala huishia kwenye maswali mawili, yaani zimetolewa kiasi gani na zimerejeshwa kiasi gani. Mimi nimekuwa nikivisaidia vikundi vya mtaani kwetu kuandaa katiba na maandiko ya miradi, na ninaloliona ni kwamba hatima ya mkopo mara nyingi huamuliwa kabla fedha hazijaingia kwenye akaunti ya kikundi, katika kipindi ambacho halmashauri hujishughulisha zaidi na mihuri kuliko na biashara yenyewe.

Msingi wa kisheria hauna utata. Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, kinaitaka kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo hiyo, ambapo asilimia 4 huenda kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Aprili 2023, baada ya ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuonyesha madeni yasiyorejeshwa na vikundi visivyokuwapo, Serikali ilisitisha utoaji wake, na mwaka 2024 ikaurejesha kwa utaratibu mpya ambao halmashauri 10 zilichaguliwa kupitisha fedha hizo benki kwa majaribio huku nyingine zikiendelea kuzitoa zenyewe chini ya usimamizi uliokazwa.

Mabadiliko hayo yalihitajika. Hata hivyo, yamejibu swali la nani ashike fedha, na swali la nani amshike mkono mkopaji limebaki palepale. Benki inaweza kuhakiki kitambulisho cha taifa, kukagua akaunti na kufuatilia marejesho kwa ukali ambao ofisi ya kata haiwezi. Haitegemewi, na sidhani kama inapaswa kutegemewa, kumweleza mama anayesindika karanga kwamba siagi yake haitapokewa na supamaketi yoyote ikiwa haina alama ya ubora.

Nimetaja karanga kwa sababu nimelishuhudia jambo hilo. Kikundi kimoja cha wanawake kilipata mkopo, kikanunua mashine ya kusagia, mizani na chupa za plastiki za kutosha kujaza nusu ya chumba. Siagi yao ilikuwa nzuri, na kwa majirani iliuzika. Walipoipeleka kwenye maduka makubwa ya mjini, meneja wa kwanza aliigeuza chupa, akatazama lebo iliyochapishwa kwenye duka la steshenari, akauliza iko wapi tarehe ya kutengenezwa, iko wapi tarehe ya mwisho wa matumizi, uko wapi uzito halisi na iko wapi alama ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania. Hakikuwepo hata kimoja. Walipoulizia alama hiyo wakaambiwa kwamba eneo la usindikaji lazima likaguliwe, na eneo lao lilikuwa sebule ya mwenyekiti, yenye makochi na televisheni. Wakati huohuo miezi ya marejesho ilikuwa imeanza kuhesabiwa. Baadhi yao wakakimbilia mikopo ya kausha damu, yenye riba kubwa, ili walipe mkopo usio na riba, na mtu akilitafakari hilo atajua tatizo letu limefika wapi.

Linalouma zaidi ni kwamba karibu kila walichokihitaji kilikuwapo. SIDO, shirika lililoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya kuhudumia viwanda vidogo, lina ofisi mikoani na hufundisha usindikaji wa vyakula, utengenezaji wa sabuni, ufungashaji na uwekaji wa lebo. Mjasiriamali mdogo mwenye barua ya utambulisho kutoka SIDO huhudumiwa na TBS bila kulipia gharama za kupata alama ya ubora kwa miaka mitatu ya mwanzo, na baada ya hapo huanza kuchangia kidogo kidogo. Tangu mwaka 2019, majukumu ya usalama wa chakula yalipohamishiwa TBS kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA), mtu wa bidhaa kama hizi hana haja ya kupiga hodi kwenye taasisi mbili tofauti. Wanawake wale waliyajua hayo yote baada ya kukopa, na waliyajua kwa bahati, kwenye banda la maonesho ya Nanenane.

Kwa nini hawakuyajua mapema? Afisa maendeleo ya jamii wa kata anahusika na kikundi, si na bidhaa. Afisa biashara yuko makao makuu ya halmashauri, na kazi yake inayofahamika zaidi kwa wananchi ni leseni. SIDO iko mkoani. BRELA, wakala wa usajili wa biashara, hupokea maombi ya usajili wa majina ya biashara kwa mtandao, na kwa mtu asiye na simu janja hiyo ni safari nyingine ya kwenda steshenari kumlipa kijana amjazie fomu. TRA, mamlaka ya mapato, iko mjini na inaogopwa kuliko inavyostahili, maana mfanyabiashara ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 4 kwa mwaka hatozwi kodi ya mapato, na namba ya mlipakodi hutolewa bure. Lakini ni nani anayemwambia hivyo muuza maandazi kabla hajaanza kujificha? Kila ofisi inafanya kazi yake kwa mujibu wa sheria yake, na hakuna hata moja inayomwona mwombaji mzima.

Matokeo yake ni maandiko ya miradi ambayo hayaandikwi na wenye miradi. Hunakiliwa. Andiko la ufugaji wa kuku lililopitishwa mwaka fulani huzunguka kata nzima, likibadilishwa jina la kikundi na idadi ya wanachama, na nimewahi kukabidhiwa andiko la kikundi cha sabuni ambalo kwenye jedwali la gharama bado lilikuwa na chanjo ya kideri, ugonjwa wa kuku. Lilikuwa limeshagongwa muhuri wa ngazi ya mtaa.

Hapa niseme neno juu ya vikundi vyenyewe, kwa kuwa lawama nyingi huangukia huko. Ni kweli kwamba viko vikundi vya kukopea, ambavyo wanachama wake hukutana kwa ajili ya sahihi, hugawana fedha siku zinapotoka, na kila mmoja hurudi kwenye genge lake. Sipendi kuwaita watu hawa wezi. Mwenye genge anayehitaji mtaji wa genge hulazimika kuonekana ana mradi wa pamoja kwa sababu mlango pekee uliopo ni wa kikundi. Tungetaka kujua kikundi cha kweli ni kipi, kipimo tunacho tayari. Vikundi vya VICOBA, yaani vya wanajamii kuweka na kukopeshana, ambavyo Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imevitambua katika daraja la nne la watoa huduma hizo na kuvitaka visajiliwe, huwa na daftari la hisa, mahudhurio, faini za wachelewaji na sanduku lenye kufuli tatu ambazo funguo zake ziko kwa watu watatu. Daftari la namna hiyo lililojazwa kila wiki kwa mwaka mzima lina ushahidi mkubwa kuliko andiko lolote la kurasa 20, na ningependa kuona kamati za mikopo zinaanza nalo.

Napendekeza mpangilio ugeuzwe. Kabla ya kikundi kuidhinishiwa mkopo wa kuzalisha bidhaa, afisa wa SIDO na afisa biashara wakione mahali kilipo na waandike, kwa ukurasa mmoja tu, kinachokosekana ili bidhaa hiyo iuzike kihalali: mafunzo, chumba kinachofaa, lebo, usajili wa jina, alama ya ubora. Fedha zitoke kwa kufuata ukurasa huo, na pale inapowezekana zitoke kwa awamu, ili kinachonunuliwa kwanza kiwe kile kinachofungua soko. Muda wa marejesho uhesabiwe kwa kuzingatia kwamba ukaguzi na vibali huchukua muda ambao mkopaji hana uwezo wa kuufupisha.

Soko lenyewe, nalo, kwa sehemu liko mikononi mwa halmashauri. Sheria ya Ununuzi wa Umma inazitaka taasisi za umma kutenga asilimia 30 ya ununuzi wao kwa makundi maalumu, wakiwamo wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu, na zabuni siku hizi hupita kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa umma kwa mtandao. Halmashauri hununua sabuni za vituo vya afya, madawati, sare, chakula cha semina na huduma za usafi. Kinachonishangaza ni kuona idara moja inakikopesha kikundi cha ushonaji na idara nyingine, ghorofa hiyohiyo, inaagiza vitambaa vilivyoshonwa mkoa mwingine. Kikundi kikishasajiliwa na kusaidiwa kujiunga na NeST, oda moja ya halmashauri inaweza kulipa sehemu kubwa ya deni la halmashauri hiyohiyo.

Najua nitaambiwa kuwa watumishi hawatoshi, na ni kweli. Afisa maendeleo ya jamii wa kata ninayemfahamu anashughulikia pia masuala ya ukatili wa kijinsia, kaya maskini zinazosaidiwa na mfuko wa TASAF, kampeni za lishe na kila mgeni anayefika na bango, tena bila pikipiki. Lakini siombi ajira mpya. Naomba afisa wa SIDO afike kwenye tarafa siku ya gulio, ambapo wajasiriamali wamekwisha kukusanyika na bidhaa zao ziko juu ya meza, badala ya kuwasubiri mkoani. Gharama ya mafuta ya gari kwa safari hizo ni ndogo ukilinganisha na madeni ambayo halmashauri huyabeba kwenye vitabu vyake mwaka hadi mwaka. Naomba pia orodha ya vikundi vilivyokopeshwa, kiasi na aina ya biashara, ibandikwe kwenye mbao za matangazo za kata na mitaa, kwa kuwa kikundi hewa kinaweza kuipita kamati lakini ni vigumu kuwapita majirani.

Waheshimiwa madiwani ndio wanaopitisha bajeti kabla mwaka mpya wa fedha haujaanza Julai 1. Katika kikao kijacho, taarifa ya mikopo itakapowasilishwa ikiwa na jumla ya fedha zilizotolewa na idadi ya vikundi vilivyonufaika, nawaomba wamuulize mkurugenzi ni vikundi vingapi kati ya vilivyokopeshwa mwaka uliopita bado vinazalisha, vinauza wapi, na ni mtumishi gani aliyekwenda kuviona. Majibu hayo yaingizwe kwenye kumbukumbu za kikao, na taarifa ya mwaka unaofuata isipokelewe bila safu ya majibu hayo.

Wako,
Msomaji, Morogoro