Kicheko chetu ndicho kinachomlipa konda

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya wasomaji nieleze jambo nililolishuhudia kwenye daladala iendayo Gongo la Mboto, jambo ambalo limenikaa moyoni kwa wiki tatu sasa kwa sababu kila nikijaribu kulieleza kwa sababu tulizozizoea, naona hazitoshi.

Ilikuwa jioni, saa kumi na moja hivi, na gari lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Binti mmoja wa shule ya msingi, ambaye mkanda wa begi lake ulikuwa umeshikizwa kwa pini, alisimama karibu na injini akiwa amekwisha kulipa nauli yake. Tulipokaribia kituo chake alisema "Shusha" kwa sauti ndogo. Konda alimsikia vizuri, maana alimwigiza kwa sauti nyembamba ya kubana pua, kisha akaligonga bodi la gari ili dereva aendelee. Mtoto akarudia, konda naye akaigiza tena, abiria wakacheka. Alishushwa vituo viwili mbele, nikamwona akirudi kwa miguu kando ya barabara huku ameushika ule mkanda wenye pini. Mimi pia nilicheka. Si kwa sauti, lakini nilicheka.

Kila linapozungumzwa suala la wanafunzi na daladala, jibu huwa ni hesabu ya tajiri, yaani mwenye gari. Mwanafunzi hulipa shilingi 200, ilhali kwa viwango vilivyoanza kutumika Desemba 2023 mtu mzima katika ruti fupi kabisa hulipa 600, kwa hiyo inahitajika watoto watatu kufidia abiria mmoja. Hesabu hiyo inaeleza kwa nini konda huziba mlango kwa mkono na kutangaza kwamba wanafunzi ni wawili tu. Haielezi hata kidogo yaliyotokea ndani ya gari siku ile, kwa kuwa kumpitisha mtoto kituo chake hakukumwongezea konda senti moja, na pale aliposimama mtoto kwa vituo viwili vizima pangeweza kusimama mtu wa kulipa nauli kamili. Alikubali hasara ndogo ili apate burudani.

Mwaka 2013 watafiti Erin Buckels, Daniel Jones na Delroy Paulhus walichapisha utafiti ambao nadhani unamhusu konda huyu, ingawa ulifanyika mbali sana na Dar es Salaam. Waliwapa watu nafasi ya kuchagua kazi, na mojawapo ilikuwa kuvisaga vidudu vilivyopewa majina, katika mashine iliyotengenezwa kutokana na kinu cha kusagia kahawa. (Vidudu havikudhurika, mashine ilitoa mlio tu.) Katika jaribio jingine washiriki waliweza kumpigia makelele makali mtu asiyewakosea, ambaye hakuwa akilipiza. Wale wanaopenda kuumiza, wakishajua kwamba hawatarudishiwa, waliongeza ukali, na kati ya watu wenye tabia mbaya za aina mbalimbali zilizopimwa, ni wao tu waliokuwa tayari kufanya kwanza kazi ya kuchosha ya kuhesabu herufi ili tu wapate nafasi ya kumuumiza. Kwa maneno mengine, wapo watu ambao kwao maumivu ya mwingine ni kitu cha kugharimia.

Hata hivyo sitaki kummalizia konda kwa kusema kwamba amezaliwa hivyo, kwa sababu siku nyingine, katika ruti hiyohiyo, niliona konda mwingine akianza mchezo uleule kwa mvulana mmoja, mara akamtazama usoni na kuuliza, "Wewe si unakaa kwa Mama Salumu?" Mvulana akaitikia. Kebehi ikakatika palepale. Mtoto akaondolewa mlangoni, akaketishwa juu ya injini, na aliposhuka akaambiwa amsalimie mama. Tabia ya mtu haiwezi kubadilika kati ya kituo na kituo. Kilichobadilika ni kwamba mtoto alijulikana ni wa nani, na habari za gari lile zingeweza kufika mtaani kabla ya usiku.

Hapo ndipo ninapoona sare ya shule inavyowaponza watoto wetu. Inamtambulisha mtoto kuwa ni "denti", lakini haisemi ni wa nani. Konda naye amevaa sare, na kwa abiria ni konda tu, ndiyo maana watu wazima wenye heshima zao humtolea matusi kwa ajili ya chenji ya shilingi 100, matusi ambayo wasingethubutu kumtamkia kijana wa jirani. Yeye hapokei tu. Huyahamishia kwa mdogo kuliko yeye.

Kwa kuwa Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) inasimamia usafiri huu pamoja na wahudumu wake, napendekeza kila konda aandikwe jina kifuani kwa herufi zinazosomeka kutoka siti ya nyuma, si kitambulisho cha kuficha mfukoni. Ni rahisi zaidi kumwambia mtu "Juma, mshushe mtoto" kuliko kupiga kelele kwa konda asiye na jina, na ni vigumu zaidi kwa Juma kujifanya hakusikia.

Lakini jina peke yake halitasaidia iwapo gari zima linacheka, kwani konda yule hakuwa akimtazama mtoto alipokuwa akimwigiza. Alikuwa anatutazama sisi. Angenyamaziwa mara ya kwanza, sidhani kama angerudia mara ya pili. Ilitosha mtu mzima mmoja aseme, "Konda, mtoto ameshasema anashuka." Nilikuwa nimekaa siti ya nyuma ya dereva, na mtoto alikuwa amesimama mahali ambapo ningeweza kumgusa begi.

Msomaji wako,
Gongo la Mboto, Dar es Salaam